Smati, Mkali, Janja

Mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa bahili wa maneno. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, palipoachwa nafasi ya maoni, aliandika maneno mawili tu ya Kiingereza: "Smart boy." Baba akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa karani, kafundishwa kazi na watu waliofundishwa na Waingereza, na kwake jambo halikuhitaji mjadala: mwalimu anasifu shati jeupe, kaptula iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa na viatu vilivyopigwa kiwi. Kaka yangu, ambaye Kiingereza chake kilitoka kwenye kanda za filamu za Kimarekani, akacheka. "Baba, anasema dogo ana akili." Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza swali moja: "Hesabu kapata ngapi?" Nilikuwa nimepata thelathini na nane. Ubishi ukaishia hapo, Baba akashinda.

Baadaye sana niligundua kwamba wote wawili walikuwa wakibishania matawi. Laiti ripoti ile ingesomwa na Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita, angeshangaa zaidi ya wote, maana kwake kivumishi hicho hakikuhusu shati wala ubongo. Smeart, kama alivyolitamka, lilimaanisha kitu kinachouma. Angedhani mwalimu analalamika kwamba mtoto huyu anauma watu.

Kiswahili kina kitenzi kinachokaribiana sana na maana hiyo ya kale, nacho ni kuchonyota. Tia spiriti kwenye kidonda kibichi, au kula ndimu na mdomo umebabuka. Ule moto mfupi unaopita juu ya ngozi, usiofika kwenye mfupa, ndio kuchonyota, na ndio smart ya asili. Kiingereza cha leo hakijaitupa maana hiyo. Macho yaliyoingiwa na moshi wa kuni bado yana-smart, na mtu aliyetukanwa mbele za watu anaweza ku-smart wiki nzima. Ndugu zake Kiingereza wao hawakuondoka nyumbani kabisa: Mjerumani akisema Schmerz anasema maumivu, na Mholanzi ana neno lenye tahajia ileile, smart, lenye maana ya huzuni. Nyimbo zao za kuliza watu wanaziita smartlap. Huwa nawaza siku gari dogo liitwalo Smart lilipoingia sokoni mwaka 1998, likiwa limepewa jina kwa kuunganisha Swatch, Mercedes na neno la Kiingereza la sanaa. Waholanzi wanajua Kiingereza kuliko wengi wetu, lakini lazima yupo bibi mmoja aliyepita dukani akajiuliza nani anauza majonzi yenye magurudumu manne.

Basi neno lilitokaje kwenye kidonda likafika kwenye akili? Njia yake haikuwa ya ajabu. Pigo linalouma ni pigo la haraka. Fimbo ya polepole haichonyoti. Kwa hiyo neno likahama kutoka kwenye maumivu ya aliyepigwa likaenda kwenye wepesi wa mpigaji. Tangu karibu mwaka 1300 linaonekana likimsifu mtu mchangamfu, mwepesi, mwenye makali. Kutoka kwenye mkono likapanda kwenye ulimi, kwa sababu maneno nayo hupiga. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mfalme Claudius anasikia Polonius akizungumzia unafiki, kisha anakiri pembeni kwamba maneno yale yameichapa dhamiri yake kama mjeledi, na kivumishi anachoupa mchapo huo ni smart. Hapo unaziona maana mbili zikiwa bado ndani ya mwili mmoja: kauli inauma kwa sababu imelenga, na imelenga kwa sababu ina akili.

Mavazi yalikuja nyuma, mwanzoni mwa karne ya 18, na kwa muda mrefu sifa hiyo ilikuwa ya watu wa kawaida wanaojipenda. Matajiri wa London hawakuikumbatia hadi mwishoni mwa karne ya 19, ndipo "watu smart" wakawa tabaka la wenye kualikana chakula cha usiku.

Upo msemo mmoja uliobeba safari yote hii peke yake, nao ni smart money. Mwishoni mwa karne ya 17 ulikuwa na maana ya pesa anayolipwa askari au baharia aliyeumia kazini, yaani fidia ya maumivu. Waholanzi bado wanalipana smartengeld mahakamani. Karne ya 20 ilipoingia, kwa Wamarekani wa mbio za farasi msemo uleule ukawa pesa ya wajuao, dau la mtu aliyepenyezewa habari za zizini. Kwanza pesa ya aliyeumia, kisha pesa ya atakayewaumiza wengine.

Sasa niseme jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Sisi tunalo neno lililotembea njia hiyohiyo bila kumwiga Mwingereza, nalo ni -kali. Anza na kisu kikali, jua kali, pilipili kali, dawa kali, maumivu makali. Ni vitu vinavyouma au vinavyokata. Ingia darasani: "Yule ni mkali wa hesabu." Toka nje umtazame kijana anayekwenda kwenye sherehe: "Amepiga pamba kali." Maumivu, akili, mavazi. Vituo vitatu vilevile, kwa mpangilio uleule. Hata utata ni uleule, kwa sababu ukiniambia una mwalimu mkali, sijui nikuonee wivu au nikupe pole. Wanaofundisha tafsiri huwaambia wanafunzi kwamba smart haina neno moja la Kiswahili, kisha wanaandika ubaoni nadhifu, maridadi, mtanashati, mwerevu, hodari, mwenye akili. Orodha ni sahihi, ila imemsahau pacha aliyezaliwa upande huu wa bahari. Sisemi tumfasiri smart kuwa mkali kila mahali; simu kali ni kitu kingine. Nasema tu kwamba anayetaka kuelewa neno la Kiingereza asianze na kamusi. Aanze na vijana wa kijiweni wakimsifu mchezaji.

Turudi kwa Baba na Kaka, maana ubishi wao una sababu ya kihistoria. Uingereza, mtu akikuita smart kuna uwezekano mkubwa anasema umevaa ukavalika. Akitaka kusifu akili ana neno lake jingine, clever. Marekani mambo ni kinyume. Huko smart ni akili kwanza, na mavazi yanakuja mbali. Afrika Mashariki tulifundishwa na upande wa kwanza. Neno lilitufikia kupitia gwaride, ukaguzi wa kucha asubuhi, ofisi ya bwana shauri na shule za misheni, likazaa kivumishi chetu chenyewe: smati. Na smati ya Kiswahili ni nguo tu, kwa ukaidi. Mtu smati ni yule aliyechomekea, mwenye mstari wa suruali unaoweza kukata nyanya. Anaweza kuwa mjinga wa kutupwa, na usmati wake usipungue hata chembe. Angalia pia tabia yake ya kisarufi: mtu smati, kiatu smati, mavazi smati. Hachukui kiambishi cha ngeli yoyote. Amekaa kwenye baraza moja na safi, ghali na nadhifu, wageni wa Kiarabu waliokuja zamani wakakataa nao kuvaa viambishi vya wenyeji.

Upande wa pili ulikuja baadaye, kwa filamu, kisha kwa intaneti. Leo kijana wa Nairobi au Mwanza akisema "huyo dem ni smart" kwa Kiingereza chake anaweza kumaanisha lolote kati ya mawili, na mara nyingi mwenyewe hajaamua. Kadi ya mwaliko wa harusi ikiandika vazi liwe smart casual, watu wazima wanakuja na suti na vijana na jinzi, kila mmoja akiamini ametii.

Wamarekani pia wana smart ya shari. Mzazi akimwambia mtoto asiwe smart naye, hamkatazi akili, anamkataza mdomo. Wanalo hata jina la kubebea lawama hiyo, smart aleck, lililoanza kutajwa karne ya 19. Hapa Kiswahili kimejipanga vizuri zaidi. Tuna mjuzi, anayejua, na tuna mjuaji, anayetaka tujue kwamba anajua. Herufi chache zinatosha kumtoa mtu kwenye heshima kumpeleka kwenye kero. Kiingereza kinategemea sauti ya msemaji. Sisi tumeimaliza kazi ndani ya neno.

Yote haya yangebaki kuwa burudani ya wapenda maneno kama smart ingeendelea kuwa sifa ya watu. Haikuendelea. Miaka ya mwanzo ya 1970 Wamarekani walianza kuliita hivyo bomu, lile la kuongozwa kwa mwanga wa leza, walilolitumia Vietnam. Mwaka 1972 ndege zao zililiangusha daraja la Thanh Hóa kwa mabomu ya aina hiyo, baada ya miaka ya kulishambulia kwa mabomu ya kawaida bila kuliangusha. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 ndivyo vilivyolitangaza neno hilo duniani, kwa picha za televisheni zilizoonyesha kombora likiingia dirishani, ingawa silaha za kuongozwa zilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya zote zilizodondoshwa. Naliona hilo kama tukio la ajabu katika maisha ya neno. Lilizaliwa likimaanisha kinachoumiza, likatembea karne nyingi likijisafisha mpaka likawa sifa ya suti na ubongo, halafu chombo cha kwanza kulibeba kwa umaarufu kikawa bomu.

Baada ya bomu zikaja kadi, kisha simu. Simon, kifaa cha IBM kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1994, kilikuwa na uzito wa nusu kilo na kiliweza kutuma faksi na barua pepe na kutunza kalenda. Ndicho kinachohesabiwa kuwa babu wa simu hizi, ingawa jina la ukoo lilipatikana baadaye. Toleo la kwanza la iPhone likatoka mwaka 2007, na muda si mrefu Waswahili wakahitaji neno.

Mitaa ilijibu kabla ya wataalamu, kama kawaida yake. Simu ndogo ya vitufe ikawa kitochi Tanzania na mulika mwizi Kenya, kwa sababu kitu cha maana ilichokuwa nacho zaidi ya kupiga ni tochi. Ile kubwa ikaitwa simu ya tachi, au kwa jina ninalolipenda, simu ya kupangusa. Haya ni majina ya macho na vidole: yanasema unachokiona na unachokifanya. Lakini matangazo na magazeti yalihitaji neno la kufasiri smart yenyewe, na lililoshinda ni janja. Simu janja. Baadaye saa janja, kadi janja, runinga janja.

Walimu wengi wa Kiswahili hawakulipenda, na hoja yao ina uzito. Mjanja si mwerevu. Mwerevu anaelewa, mjanja anakuzunguka. Katika hadithi zetu mjanja ni Sungura, anayekula shamba la mwenzake na kumwachia kesi Fisi, au ni Abunuwasi, anayemshinda sultani kwa kupindisha maneno. Hatuwachukii wahusika hao, tunawashangilia, lakini hakuna anayewaachia funguo za nyumba. Simu erevu, wanasema walimu, lingekuwa neno la heshima zaidi.

Mimi nilikuwa upande wao. Nilihama siku niliyoamka nikakuta bando la wiki nzima limeisha, na sikuwa nimetazama hata video moja. Fundi wa simu, kijana mwenye kiosko cha meza moja, aliigeuzageuza akaniambia kwamba usiku programu zimejisasisha zenyewe. Nikauliza nani kaziruhusu. "Si ndiyo maana inaitwa janja, mzee?"

Alikuwa anatania, lakini alinifanya nifikiri. Mtengenezaji anapokiita kifaa smart huwa anasema mambo matatu kwa pamoja: kinahisi, kinakokotoa, na kinazungumza na mtu mwingine aliye mbali. Mambo mawili ya kwanza yapo kwenye tangazo kwa herufi kubwa. La tatu linakaa kwenye masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Mwezi Februari 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani, baada ya mamlaka za huko kuishtaki kwamba runinga zake milioni 11 zilikuwa zikikusanya taarifa za nini watu wanatazama sebuleni mwao bila wao kukubali. Mwambie Mmarekani kwamba smart TV ilikuwa inamchungulia, ataona kuna mgongano kati ya jina na tabia. Mwambie Mswahili kwamba runinga janja ilikuwa inamchungulia, ataona jina limekaa mahali pake.

Ndiyo maana nasema janja si kosa la tafsiri. Ni tafsiri iliyorudisha kitu ambacho Kiingereza kilikipoteza. Smart ya Kiingereza ilikuwa na makali, ilikuwa na ulimi wa kuchonyota na dau la wajuao, halafu wafanyabiashara wakaisugua mpaka ikawa laini, ikatoshea kwenye jokofu na balbu. Tulipoipokea tukaipa neno lenye meno. Hakuna aliyepanga hivyo, na sidhani kama mwandishi wa tangazo la kwanza alikuwa na nia ya kuonya mtu. Pengine alisikia tu vijana wakisema "mjanja" kwa maana ya mtu wa mjini aliyejanjaruka, asiyepitwa, kinyume cha mshamba. Kwake yeye lilikuwa sifa. Uzuri wa neno ni kwamba limebeba sifa na tahadhari kwa wakati mmoja, na msemaji hana uwezo wa kuitoa moja akaiacha nyingine.

Linganisha na jinsi tulivyoipokea akili ya mashine. Wapo wanaosema akili mnemba, wapo wa akili unde, wapo wa akili bandia, na bado hawajamaliza kuvutana. Lakini wote wamefanya jambo moja: wameitoa akili kwa mkono wa kulia, wakaipokonya nusu kwa mkono wa kushoto. Mnemba, ya kuundwa, ya bandia. Kwa kifaa kisicho na akili bali kina mbinu, walishatoa janja, bila masharti.

Haina maana kwamba janja inafaa kila mahali. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipokuja mwaka 2010 na dhana ya climate-smart agriculture, kilimo janja kisingefaa kabisa; mkulima angedhani anafundishwa kuchanganya mchanga kwenye gunia la mahindi. Wafasiri wenye busara waliliacha neno wakafasiri kazi: kilimo himilivu, kinachohimili mabadiliko ya tabianchi. Nao wa semina wana smart yao isiyo neno bali herufi. George Doran aliipendekeza kwenye jarida moja la mameneja huko Marekani mwaka 1981: malengo yawe mahususi, yapimike, yawe na mtu wa kuyabeba, yawezekane, yawe na muda. Kwa Kiswahili herufi hazikubali kupanga mstari, kwa hiyo wawezeshaji husema tu "malengo yawe smati", na nimewahi kumwona mshiriki akianza kunakili lengo lake upya kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kuna jambo la sarufi linaloendelea sasa hivi, na ndilo linalonivutia kuliko yote. Simu, saa, kadi na runinga zote ni za ngeli ya I-ZI, ambamo janja hutumika bila kiambishi cha kuonekana. Kwa hiyo neno lilianza maisha yake mapya bila mtu kulazimika kuamua chochote. Lakini vitu vya ngeli nyingine vilipofika, kwa kanuni tungesema kifaa kijanja, vifaa vijanja, mji mjanja. Watu hawasemi hivyo. Wanaandika kifaa janja, vifaa janja, mji janja. Kivumishi kimevuliwa kiambishi, kikawa lebo, kama mnemba, kama smati yenyewe. Na tofauti hiyo imeanza kufanya kazi: kijana mjanja ni mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni, mji janja ni mradi wenye michoro. Lugha inajitafutia namna ya kutenganisha Sungura na teknolojia, na chombo inachotumia ni upatanisho wa kisarufi, kwa kuuacha.

Sijui kama ukuta huo utasimama, hasa kwa miji. Kenya ilizindua ujenzi wa Konza mwezi Januari 2013, ekari 5,000 za nyika takriban kilomita 60 kutoka Nairobi, mji utakaokuwa na taa zinazojua msongamano na mita zinazojisoma. Wazo la mji janja ni kwamba mji uwe na akili ili mkazi apumzike. Dar es Salaam ilipata jina la Bongo kwa wazo lililo kinyume kabisa: kwamba mji huu hauna huruma, na asiyetumia ubongo wake halali na chakula tumboni. Mwaka jana, daladala ikiwa imekwama Buguruni, nilijaribu kumweleza kondakta kwamba kuna miji duniani inaitwa mijanja. Nilisahau kuvua kiambishi. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Mzee, wamekuibia nini?"